Belti ya taimingi ya RAV4: uzoefu wangu na gereji moja ya Kizota

Kama una Toyota ya zamani yenye injini ya 3S na uko Dodoma, kabla hujamwachia fundi funguo muulize jambo moja: akishavalisha belti ya taimingi (ule mkanda wa meno unaounganisha krenki, inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, inayofungua valvu), anaikaza vipi? Fundi wa kwanza niliyemuuliza, huku mjini kati, alisema anaisukuma puli ya teshena, ile inayoikaza belti, kwa mtaimbo mpaka belti ilie kama uzi wa gitaa. Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili ni mzee mmoja wa Kizota, gereji yake haina hata kibao. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza lilelile. Akacheka. "Siikazi mimi, mwanangu. Inakazwa na springi yake." Gari likabaki kwake.

Ni RAV4 ya mwanzo, ile fupi ya milango mitatu. Belti za injini hizi hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi, lakini gari lililotoka Japani na kupita mikono kadhaa, mimi namba ya dashibodi siiamini. Kitu kimoja kilinipunguzia presha: 3S-FE, yaani 3S ya kawaida, ikikata belti, gari linazima tu, valvu hazigongani na pistoni. Wenye Land Cruiser ya 1HZ au Prado ya 1KZ hawana bahati hiyo. Dizeli ikikata belti, jiandae kufungua silinda hedi.

Spea nilinunua mwenyewe: belti ya Mitsuboshi, beringi ya teshena na ile ya pili isiyosogea, springi mpya, sili za oili, na wota pampu. Wota pampu ilinikera mfukoni, ila kwenye 3S inazungushwa na belti hiyohiyo, kwa hiyo ikianza kuvuja baadaye unalipa ufundi upya kwa kazi ileile. (Mwenye Carina ya 5A au 7A asikubali maneno hayo. Kwake wota pampu inazungushwa na belti ya nje.)

Mzee aliomba gari lilale gereji ili afanye kazi asubuhi injini ikiwa imepoa kabisa. Silinda hedi ni ya alumini, ikipata moto inatanuka na belti inajikaza zaidi, hivyo kipimo cha injini ya moto kinadanganya. Nilikuwa sijawahi kusikia fundi akisema hivyo.

Kufungua sitakuchosha nako. Tairi la mbele kulia linatoka, injini inaegemezwa kwenye jeki yenye ubao, maunting (kishikilio cha injini) ya upande ule inafunguliwa, kisha puli ya krenki na makava. Kabla puli ya krenki haijatoka alipanga alama: mfereji wake kwenye sifuri ya kava, na tundu la puli ya kemshafti likae sawasawa na alama iliyo nyuma yake. Belti ya zamani ilikuwa na nyufa mgongoni na ukingo umeloa oili, kwa hiyo sili zote tatu zilibadilishwa, ya kemshafti, ya krenki na ya oili pampu. Belti mpya hakuiruhusu iguswe na kijana wake mwenye mikono ya grisi.

Hapo kwenye kukaza ndipo niliposogeza kiti. Aliisukuma teshena hadi springi ikavutika, akaibana kwa muda, akavalisha belti kuanzia krenki. Kisha akalegeza bolti ya teshena nusu mzunguko tu, springi ikavuta yenyewe. Baada ya hapo alizungusha krenki kwa spana, polepole, mizunguko miwili kwa mwendo wa mishale ya saa. Ni miwili kwa sababu krenki ikizunguka mara mbili kemshafti inazunguka mara moja, na alama zote zinarudi mahali pake. Kuzungusha kwenda mbele pia kunakusanya ulegevu wote upande wa teshena, springi inaumeza. Ukirudisha nyuma ulegevu unahama, na jino linaweza kuruka. Kuna wakati aliipita alama kidogo. Nilidhani ataigusa irudi. Hakurudisha, alizunguka miwili mingine.

Alama zilipokubali, alikaza bolti ya teshena kwa spana yenye kipimo, nyutoni mita 42. Kuanzia hapo springi imemaliza kazi, na mkazo uliofungwa ndio utakaoendesha nao mpaka belti nyingine. Ndiyo maana nilimkimbia yule wa mtaimbo: belti iliyozidi kukazwa inavuma na kula beringi na wota pampu, iliyolegea inapiga kava na siku moja inaruka jino unapowasha.

Gari limetulia. Sailensa, yaani mngurumo gari likiwa limesimama, haitetemeki, hakuna mvumo upande wa belti, na nimeshapanda nalo mlima Nyang'oro kwenda Iringa, AC ikiwa imewashwa.

Yasiyonifurahisha yapo. Hana kifaa cha kuvutia puli ya krenki, kijana akatumwa kuazima kwa jirani na kurudi baada ya chakula cha mchana, kazi ikamalizikia jioni. Pa kusubiri ni chini ya mwarobaini, upepo ukija unakula vumbi. Ufundi ni shilingi 80,000 na hapunguzi hata ukimwita baba. Ukienda, nunua springi mpya kabla hujafika, maana yeye hafungi belti mpya kwa springi iliyochoka na atakurudisha mjini kuitafuta.