Usiku ndani ya ICU: nyota 2 kwa hospitali ya kwanza, 4 kwa ya pili

Nimekaa na hili jambo karibu mwezi mzima ndo naandika leo. Baba aliugua nimonia kali, akalazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), siku tatu za mwanzo akawa kwenye mashine ya kupumulia, alafu siku ya 6 tukamhamishia hospitali nyingine. Majina sitaji, nataka niongelee kitu kimoja tu, usiku wanauendeshaje, maana ndo tofauti kubwa niliyoiona.

Ya kwanza madaktari wazuri, mapafu ya mzee waliyapigania kwelikweli na hizo nyota 2 ni za hapo. Ila taa hazizimwi. Saa 8 usiku mwanga ni uleule wa saa 8 mchana, dirisha hakuna, saa ya ukutani hakuna, monita zinalia, watu wanaongea kwa sauti, saa 10 alfajiri wanawasha taa kubwa ya juu ya kitanda kuja kutoa damu ya vipimo, wakimaliza hao saa 11 wanakuja wa kumwogesha. WHO wanashauri kelele za wodini usiku zisizidi wastani wa desibeli 30, na hata mlio wa ghafla usivuke 40, sasa pale alamu moja tu inavuka hiyo bila shida.

Siku ya 4 baba akaanza kuvuta dripu, ananiita kwa jina la marehemu shangazi, anasema kuna watu ukutani. Nikaambiwa ni umri huo, itapita, wakamchoma midazolamu, dawa ya kutuliza na kusinziisha, atulie. Siku ya 5 akawa kimya kabisa, macho wazi lakini hayakufuati, nesi akasema afadhali leo katulia na mimi nikashukuru. Hiyo inaniuma mpaka leo. Kumbe ule ukimya ni ugonjwa uleule! Madaktari wanaita deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mgonjwa, kuna ya fujo na kuna ya kimya, na hiyo ya kimya ndo inapita bila mtu kushtuka kwa sababu mgonjwa hasumbui mtu.

Hospitali ya pili nesi wa zamu hata kabla hajagusa chochote akaniuliza, dada, mzee akiwa mzima alikuwa analala saa ngapi? Miwani anavaa? Masikio yanasikia vizuri? Alafu akamshika baba mkono akamwambia mzee wangu nitakutajia herufi moja moja, ukisikia A nibane mkono. Baba akakosea karibu zote. Yaani kipimo ndo hicho, hakina mashine wala damu, dakika chache tu na wanakirudia kila zamu, na kule tulikotoka sikukiona hata mara moja.

Akanieleza vizuri kwamba baba hajarukwa na akili, ubongo wake umezidiwa, na sababu ziko nyingi, maambukizi yenyewe, oksijeni kushuka, dawa, na usingizi kuvurugika umo humo. Ndani ya ubongo kuna saa ya mwili inayojipanga kwa mwanga unaoingia machoni, giza likiingia mwili unamwaga melatonini (homoni inayoashiria usiku), ukimwashia mtu taa usiku kucha ile melatonini inazuiwa na mwili haujui tena usiku ni upi. Mgonjwa wa ICU ukijumlisha anaweza kuwa kalala masaa mengi tu ila ni vipande vipande, na karibu nusu anavilala mchana. Na hizo dawa kama midazolamu zinamfanya aonekane kalala wakati sio usingizi wenyewe, tena zinaongeza hatari ya kuchanganyikiwa. Nikamuuliza sasa si mumpe vidonge vya melatonini, akasema utafiti mkubwa uliotoka 2022 haukuona kama vinazuia deliriamu, na haloperidoli, dawa nyingine ya kutuliza, nayo kwenye utafiti wa 2018 ilishindwa kuifupisha.

Walichofanya ni hiki. Saa 4 usiku taa kubwa zinazimwa inabaki ndogo ya chini, kazi za usiku wanazikusanya wanafanya kwa mkupuo mmoja, kuoga kunasubiri asubuhi, mzee akapewa kitambaa cha macho na vizibo vya masikio (vizibo alivichomoa usiku wa kwanza, hawakumlazimisha). Asubuhi pazia linafunguliwa, anavalishwa miwani, anakalishwa kwenye kiti hata kama ni dakika 10, anaambiwa leo ni siku gani na yuko wapi, na mimi nikaruhusiwa kukaa naye mchana tupige stori asisinzie hovyo.

Usiku wa tatu alilala kweli, nilimwona anakoroma vile ninavyomjua. Asubuhi akauliza mama yuko wapi, akanitaja jina langu, na zile herufi akakosea moja. Kuna vitu bado anasahau, daktari amesema ubongo unaweza kuchukua miezi kurudi na wengine haurudi wote, kwa hiyo tunafuatilia kliniki.

Nyota moja nimeikata kwa sababu alamu zote zinalia palepale kichwani mwa mgonjwa hata ikiwa ni dripu imeisha tu. Ukiwa na mtu wako ICU yoyote ile, waulize wanazima taa saa ngapi, na mpelekee miwani yake siku hiyohiyo.