Matairi mapya ya Altezza ya 2001: nilivyochagua, nilivyolipa na nilivyosumbuliwa

Kilichonifanya nitafute matairi ni kona ya Mwenge. Mvua za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, ile mvua ya dakika kumi inayolowesha lami bila kuiosha, nami natoka Bagamoyo Road nakata kushoto kuingia Sam Nujoma. Sikuwa na mbio. Gia ya pili, labda kilomita 35 kwa saa. Ghafla nyuma ya gari ikaniaga: pua inaelekea Ubungo, mkia unadai unakwenda Tegeta. Nikaachia mafuta, nikazungusha usukani kuufuata mkia, gari likarudi njiani. Dereva wa bajaji pembeni yangu alinitazama, akatikisa kichwa, akaondoka zake.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200 ya 2001. Injini ni 3S-GE ya lita mbili, ile ya nguvu za farasi 210, gia sita za mkono, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Ulaya mwili huu huu uliuzwa kwa jina la Lexus IS 200. Kwetu Dar kila mtu anaujua, hasa kwa zile taa za nyuma ambazo vijana walizibandika mpaka kwenye magari yasiyohusiana nazo kabisa. Nililichukua kwa kaka yangu alipohamia Mwanza. Alinikabidhi na maneno haya: "Matairi usiguse, bado yana kashata za kutosha." Kashata ni zile nundu za mpira zinazogusa barabara. Kaka yangu nampenda, lakini kwenye hilo alinidanganya bila kujua.

Kesho yake nikaenda Sinza kwa mzee mmoja anayeziba pancha tangu nikiwa shuleni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza. Nilidhani ataingiza kidole kwenye kashata kama wafanyavyo wote. Hakugusa kashata. Alichutama na kitambaa kibichi akafuta ubavu wa tairi la nyuma, akasogea, akafuta tena, kisha akaniita.

"Mwanangu, soma hapo."

"3811."

"Wiki ya 38, mwaka 2011. Sasa soma na hapa."

Pale palikuwa na neno STUDLESS, na pembeni yake kichoro cha mlima wenye theluji.

Akacheka peke yake. "Hili tairi la barafu. Wewe barafu unaiona wapi, kwenye juisi?"

Kwa wasiolijua hilo neno: zamani Japani watu walitumia matairi yenye vijiti vya chuma wakati wa theluji, lakini yakawa yanachimba barabara na kutimua vumbi hadi yakazuiwa kwa sheria ya 1990. Yaliyochukua nafasi yake ndiyo hayo yasiyo na chuma. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, na kashata zake zimechanjwa michirizi mingi myembamba ili ziing'ate theluji. Mjapani akishayatumia misimu kadhaa anayavua, yanapakiwa kwenye kontena, yanakuja kwetu kama mtumba. Ukiyatazama kashata utayapenda, maana ni nene kweli. Ila kwenye lami yenye joto zile kashata zilizochanjwa zinayumba chini ya gari kama godoro, na mpira ukishakaa juani miaka kumi unakauka. Langu lilikuwa na makosa yote mawili kwa pamoja: umbo la theluji, na ugumu wa kandambili iliyosahaulika juu ya bati.

Namba nne hizo ndizo ningependa kila mwenye gari la zamani azijue. Zipo mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya 2000, ondoka. Na mara nyingi mfululizo kamili upo ubavu mmoja tu, kwa hiyo tairi likifungwa na tarehe ikaangalia ndani, utazunguka gari zima usiione. Michelin wao wanasema baada ya miaka mitano ya matumizi tairi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama kwa macho bado zima. Magari ya spoti ya zamani ndiyo yanayoumia zaidi hapa, kwa sababu hayatembei sana. Kashata haziishi, umri unaisha. Lile Porsche Carrera GT alilofia Paul Walker mwaka 2013 lilikuwa na matairi ya miaka tisa. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo, lakini umri wa matairi nao waliuandika.

Basi nikaanza kutafuta. Saizi yangu ni 215/45 R17: upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya huo upana, rimu ya inchi 17. Nilipita maduka saba, Gerezani na Kariakoo, Jumamosi mbili. Kuwa mwanamke mwenye Altezza kwenye duka la matairi ni kazi ya ziada. Duka la kwanza kijana aliniuliza, "Dada, mwenye gari yuko wapi?" Nikamwambia unaongea naye. Duka la tatu waliniita madam, wakanitajia bei ya madam.

Saizi hii haipatikani kirahisi, na hapo ndipo ushauri wa kila aina unapoanza. Mmoja alinipa 215/50 akasema "hiyo ni ile ile". Siyo ile ile. Nilipiga hesabu kwenye simu mbele yake: tairi langu lina kimo cha milimita 625 kutoka chini hadi juu, lake linafika karibu 647. Tofauti ya zaidi ya asilimia tatu inafanya saa ya mwendo iseme uongo, na kwa gari lililoshushwa kama langu tairi litakula fenda kila ukikanyaga tuta. Mwingine alinishauri 225/45. Hiyo angalau ina mantiki, inafika 634, na najua wenye Altezza wanaoitumia bila matatizo. Ningekosa kabisa ningeichukua.

Mtumba nao nilionyeshwa, mengi tu, yamepakwa dawa yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mawili kati ya hayo yalikuwa yamechongwa: mtu kachukua kisu cha moto kafuata mifereji ya zamani ili tairi kipara lionekane lina kashata. Ukitaka kulitambua, tafuta vile vituta vidogo vilivyomo ndani ya mifereji. Vimewekwa kiwandani kuonyesha kwamba kashata zimebaki milimita 1.6, yaani tairi limekwisha. Ukikuta mfereji umechimbwa kupita kituta, au kituta chenyewe kimekatwa, umepata jibu. Chini ya hapo hakuna mpira wa kutosha, kuna nyuzi.

Mwisho zikabaki njia mbili. Matairi mapya ya Kichina ya shilingi 165,000 kila moja, au Yokohama Advan Fleva V701 ya 340,000. Sitaki kuwacheka wanaonunua ya Kichina. Kwenye Toyota IST ya mama yangu, kigari kidogo cha mjini, yapo, yana mwaka wa pili, na sina neno nayo. Lakini yale ya 165,000 niliyoonyeshwa yalikuwa na TREADWEAR 420 ubavuni. Namba hiyo ikiwa kubwa, mpira kwa kawaida ni mgumu na unadumu; ikiwa ndogo, unashika zaidi na unaisha mapema. Kwa IST 420 ni sifa. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo limeshanionyesha mkia wake, nilitaka mpira unaoshika. Pia nilisoma herufi ya mwendo. Langu linatakiwa W, yaani hadi kilomita 270 kwa saa. Sina nia ya kufika huko, na Tanroads hawajanijengea pa kufikia, ila herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyovumilia joto, na joto la Chalinze saa nane mchana linajulikana.

Nilinunua Yokohama manne. Jumla 1,360,000. Nilikagua tarehe ya kila moja, pande zote mbili, muuzaji akiguna. Matatu yalikuwa ya mwaka uliopita, la nne lilikuwa na miaka mitatu. Nikalikataa. Akasema, "Dada, tairi siyo mkate." Nikamjibu mkate nisingeupanda kwenda Tanga. Akaenda stoo akarudi na jingine la mwaka uliopita, kumbe lilikuwepo.

Kabla ya kufunga, fundi wangu wa gereji alikagua miguu ya mbele. Matairi ya zamani ya mbele yalikuwa yameliwa upande wa ndani tu, na hilo halikuwa kosa la matairi. Bojointi ya chini kulia, kiungo kinachoshika gurudumu, ilikuwa inacheza, na bushi mbili, yaani mipira ya viungo, zimechanika. Hapo zikatoka 290,000 ambazo sikuzipangia, lakini kufunga matairi mapya juu ya bojointi iliyokufa ni kuyachinja. Rimu moja nayo ilikuwa imepinda kidogo, ikanyooshwa.

Sehemu niliyofungia siitaji, kwa sababu mbili: vijana wake ni wapole, na sitarudi. Matairi haya yana kashata za mwelekeo mmoja, mifereji imechongwa kama mshale ili isukume maji pembeni, na ubavuni kuna neno ROTATION na alama ya mshale. Walifunga matatu sawasawa. La nne, nyuma kushoto, mshale ulikuwa unaangalia nyuma. Nilimwonyesha kijana, akasema "halina shida anti, litazoea". Tairi litazoea! Nikakaa kwenye kiti chao cha plastiki mpaka likavuliwa, likageuzwa, likabalansiwa upya. Baada ya hapo wakataka niondoke na nati zilizokazwa kwa bunduki ya upepo mpaka zinalia. Toyota wanataka nguvu ya kukaza ya Nm 103, na bunduki ile haijui kuhesabu. Nyumbani nilizilegeza na kuzikaza upya kwa spana ya vipimo niliyoazima. Moja ilinichukua dakika ishirini na matusi kadhaa.

Upepo nao walijaza PSI 40 kila tairi, "ndiyo ya magari yote". Siyo. Kibandiko cha upepo sahihi kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa vipimo vya kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, basi. Na upime asubuhi kabla gari halijatembea.

Wiki ya kwanza niliendesha kwa adabu, maana tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake hadi litembee kidogo. Kisha nikaenda Tanga, nikapita Bagamoyo na Msata badala ya foleni ya Kibaha. Kwenye lami kavu tofauti niliisikia mikononi kabla ya kitu kingine: usukani ulikuwa na neno la kusema. Zamani nilikuwa nageuza, nasubiri, ndipo gari linageuka. Sasa nikigeuza linageuka. Karibu na Segera mvua ikatukuta, kubwa, maji yamejaa kwenye mikondo iliyochimbwa na malori. Nikashuka hadi 70. Nilikuwa nimekaza mabega nikisubiri mkia uniage kama Mwenge. Haukuaga. Kwenye dimbwi moja refu usukani ulikuwa mwepesi kwa sekunde moja hivi, nikapunguza, ukarudi.

Raha ya kiti haijaongezeka, na anayeuziwa ubavu wa 45 akaahidiwa raha kaibiwa. Kwenye rasta za kuingia vijijini meno yanagongana. Mama yangu alipanda mara moja hadi Bunju, akashuka akasema atarudi na daladala.

Sasa yana miezi tisa na kilomita 11,000. Nikipima kwa kigeji, ya mbele yametoka milimita 7.5 hadi 5.9, na yameliwa sawasawa ndani na nje, jambo linaloniambia ile 290,000 ya bojointi na bushi haikupotea. Yataisha kabla ya yale ya 420, hilo nililijua wakati nalipa. Kona ya Mwenge napita karibu kila siku. Na mvua tumepishana nayo pale mara nyingi tu.

Yale ya zamani jirani alitaka kuyanunua kwa ajili ya Mark II yake. "Kashata bado nene," akaniambia. Nikayatoboa ubavu yote manne kwa msumari mbele yake, akanuna wiki nzima.

Halafu wiki iliyopita nikafungua buti kutafuta jeki, nikaona kitu ambacho mimi, mzee wa Sinza na fundi wa gereji sote tulikisahau. Spea. Kashata kamili, halijawahi kugusa lami. Nikalifuta vumbi kwa kitambaa kibichi kama nilivyofundishwa, nikasoma: 1001.

Nimeshampigia mzee. Amecheka tena.