Njuga za farasi wa sleji: ununue zipi?

Kabla hujauliza bei, uliza njuga imetengenezwaje: imemiminwa kwenye kalibu, au imekunjwa kwa bati la chuma? Mlio wote unategemea hapo.

Njuga hizi zilikuwa honi. Sleji, gari la kuvutwa na farasi, haina magurudumu, inateleza juu ya theluji kimyakimya, na kwato za farasi nazo hazisikiki. Kwenye kona, watu walikuwa hatarini kugongana. Ndiyo maana farasi alivishwa mkanda wa njuga. Umbo ni lilelile la njuga zetu za ngoma: duara lenye mpasuo, ndani gololi.

Namba moja ni mkanda wa zamani wa shaba njano iliyomiminwa. Mwaka 1808 William Barton alianza kutengeneza kengele East Hampton, Connecticut, nchini Marekani. Viwanda vikaongezeka hadi mji ukaitwa Belltown. Kimoja, Bevin Brothers cha mwaka 1832, kiliungua 2012 kikajengwa upya, na bado kinatengeneza kengele. Napenda sana ufundi wenyewe: gololi huzikwa ndani ya kiini cha mchanga, shaba humiminwa kukizunguka, na ikipoa mchanga hugongwa ukatoka. Gololi haina pa kupitia, inabaki humo miaka mia na zaidi.

Ukiupata mkanda wa zamani, tikisa njuga mojamoja. Yenye ufa hulia kama kopo, iache. Ngozi ikiwa imeoza usijali, fundi viatu ataweka mkanda mpya. Namba iliyochorwa kwenye njuga ni ya ukubwa. Usiisugue shaba mpaka ing'ae, utafuta michoro.

Kwa kwaya, hata hivyo, nunua za mpini, zenye njuga zilizopangwa kwa safu. Mkanda ni mgumu kuuzuia unyamaze kwa wakati. Mpini unaushika njuga zikiangalia chini, unagonga ngumi ya mkono ulioushika, na kila pigo linasikika peke yake. Mtunzi wa muziki Mozart alishaziingiza njuga kwenye okestra mwaka 1791, katika dansi yake ya safari ya sleji.

Mkanda mpya wa shaba ni wa tatu: mlio mzuri, bei ya juu.

Za bati la chuma ni za kupamba mlango tu. Mlio wake ni mwembamba, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga zitashika kutu mapema. Ukizinunua, zitundike ndani.