Pesa Zilifika, Burudani Ikapotea Njiani: Uzoefu Wangu na Harambee ya Runinga

Nianze na kilichofanya kazi kwenye hii harambee ya runinga ya kuwachangia waliopatwa na mafuriko, maana hicho hakina maneno mengi. Nambari ya Paybill, ile ya kutumia mchango kwa M-Pesa, ilikaa chini ya skrini usiku kucha, kubwa, ya manjano, hata aliyesahau miwani chumbani angeisoma. Nilituma mia tano na ujumbe wa M-Pesa ukaingia kabla sijaweka simu mezani. Hakuna foleni, hakuna mjumbe wa kamati anayebisha mlango na daftari mkononi akikuuliza mbona jirani ameandika elfu. Mwenye simu ya kabambe na mwenye smartphone walikuwa sawa. Wapo hata waliofuliza, yaani waliokopa kwa M-Pesa, ili wachange, nawajua. Upande huo sina lalamiko.

Lalamiko langu ni kipindi chenyewe. Kilikuwa cha saa nne, moja kwa moja kutoka hoteli moja ya Nairobi, kwenye stesheni ambayo sitaitaja, kwa ajili ya watu waliofurushwa na mafuriko Uwanda wa Kano na Budalang'i. Wiki nzima walikuwa wamekitangaza kama usiku wa burudani: vichekesho, muziki, "nyota mnaowapenda". Sisi huku Manyatta, Kisumu, mafuriko si habari ya mbali. Shangazi yangu ana shamba upande wa Ahero, na masika yakichacha, Mto Nyando ukianza kuvunja kingo, huja kukaa kwetu na mabegi yake na redio yake. Kwa hiyo tulikuwa tayari mbele ya runinga: tokeni za stima zimenunuliwa, chai iko kwenye chupa, watoto wameruhusiwa kuchelewa kulala.

Saa ya kwanza yote ilikuwa ya hundi. Anapanda meneja wa kampuni, nyuma yake vijana wawili wamebeba hundi ya kadibodi pana kama mlango. Anaeleza kampuni ilianzishwa lini. Anaeleza bidhaa mpya. Anasema wao ni familia. Wanashikana mikono, wanageukia kamera ya kushoto, wanageukia ya kulia, wanatabasamu tena kwa sababu mpiga picha wa kampuni hakuwa tayari. Wakishuka, wanapanda wengine na kadibodi yao. Shangazi, ambaye hana subira na watu wa suti, aliuliza, "Baba, hawa ndio waliofurikiwa ama ni wenye maduka?" Hicho kilikuwa kichekesho cha kwanza cha usiku, na hakikutoka jukwaani.

Wachekeshaji nao waliingizwa kwa vipande, kati ya hundi na hundi, wakati wageni wa ukumbini wanakula. Unasikia vijiko kuliko kicheko. Na ukisikiliza kwa makini ulihisi mipaka waliyowekewa: mdhamini asiguswe, serikali isiguswe. Sasa mchekeshaji wa Kenya ukimnyima hao wawili, unamwachia nini? Mama mkwe na makabila. Basi ikawa ni Mluhya na ugali, Mkikuyu na pesa, Mjaluo na majigambo, mambo tuliyoyasikia tangu shule ya msingi. Nchi hii ndiyo iliyowatoa Redykyulass, kundi la wachekeshaji waliomwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu na watu wakavunjika mbavu. Leo kijana anaogopa kumtania meneja wa mauzo.

Muziki niupitie haraka. Msanii alifunguliwa CD, akachezesha midomo, na kuna mahali aliishusha maikrofoni kiunoni lakini sauti ikaendelea kuimba bila yeye. Watoto wangu waliona. Watoto huona.

Kilichonikera zaidi ni kwamba watayarishaji walikuwa na kitu kinachochekesha mikononi mwao na wakakiondoa makusudi. Kitu hicho ni utoaji wenyewe. Huku kwetu Nyanza, kutoa pesa na kustarehe havijawahi kutenganishwa. Ingia mahali popote penye ohangla au benga, miziki yetu ya Kijaluo, ya kupigwa moja kwa moja usiku wa wikendi, utaona pakruok, kujisifu kwa kulipia. Mtu anainuka, anaweka noti, muziki unasimamishwa, na yeye anajisifu: mwana wa fulani, dume la Kano, aliyevuka mto mamba wakimpisha. Akimaliza anamsifu shemeji yake, au mpenzi aliyeko Mombasa. Mwimbaji anaidaka ile sifa na kuitia kwenye wimbo. Kwenye kona kuna mwingine hawezi kuvumilia. Anainuka na noti kubwa zaidi. Hakuna anayeangalia saa.

Harambee za kanisa ni vilevile, kutoka Siaya mpaka Kakamega. Jogoo ananadiwa, aliyemnunua anamrudisha mezani, ananadiwa tena. MC anamjua kila aliyeketi: nani ni mkwe wa nani, nani amemaliza nyumba ya mawe juzi na bado mkono haujafunguka. Anamtaja, watu wanacheka, mwenyewe anacheka kwa taabu, mkono unafunguka. Jogoo mmoja anaweza kuchanga mabati ya paa nzima na jioni akaondoka hai. Chuo cha Ramogi hapa Kisumu kilichangiwa hivyo miaka ya 1970, kwa mikono ya watu wa kawaida waliotaka waonekane wakitoa.

Sisemi zamani kulikuwa peponi. Kuna chifu aliyebeba kuku wa mjane kwa jina la harambee, na kuna taarifa za habari enzi za Moi zilizojaa orodha ya mheshimiwa fulani "na marafiki zake" mpaka ukasahau kuna habari nyingine. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilijaribu kuwazuia wakubwa kutumia vyeo vyao kuchangisha, na Julai 2024 Rais Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee kabisa. Mimi naunga mkono. Ila tuseme ukweli wa jukwaani: mwanasiasa, pamoja na maovu yake yote, anajua kushika umati. Nafasi yake imechukuliwa na meneja anayesoma karatasi.

Kwenye hiki kipindi, sisi tuliotuma mia na mia tano tulifanywa mstari mwembamba chini ya skrini. Jina la kwanza na kiasi, vinapita kwa kasi, hakuna aliyevisoma kwa sauti. Kitinda mimba wangu alikodoa macho akisubiri jina la baba yake mpaka usingizi ukamchukua. Mwenye kadibodi alipewa dakika kumi. Sisi tulioipa ile Paybill kazi usiku kucha hatukupata hata "asante, Kisumu". Wangemweka MC mmoja wa soko la Kibuye hapa Kisumu, mwenye mdomo, ayasome yale majina. "Nani huyu ametuma hamsini kutoka Nyalenda? Na yule wa Milimani kwa matajiri, mwenye maua getini, yuko wapi?" Mngeona kama Milimani ingelala.

Ubao wa jumla nao ulikuwa umelala. Tarakimu ilisimama palepale muda mrefu, kisha ikaruka mamilioni bila neno wakati wa tangazo la rangi ya nyumba. Hapo ndipo niliwakumbuka wenzetu wa ng'ambo, maana vipande vya vipindi vyao viko YouTube. Mchekeshaji Jerry Lewis wa Marekani aliongoza harambee ya runinga kila wikendi ya Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi, kuanzia 1966 hadi 2010, kwa ajili ya wenye maradhi ya misuli. Kabla ubao haujabadilika, ngoma inavuma. Mwenyewe yuko hoi, tai imelegea, amekesha, na unataka kujua tarakimu inayofuata hata kama hujui dola inavyofanana. Watu wenye ulemavu walimkosoa kwamba anawafanya vitu vya kuhurumiwa, na walikuwa na hoja. Lakini hakuna aliyemkosoa kwa kuboa. Kipindi kilikuwa cha saa 21 na nusu. Alipoondoka, 2011 kikakatwa kuwa saa 6, kikaendelea kupunguzwa mwaka hadi mwaka, na baada ya 2014 kikafutwa. Nawaambia hivi kwa sababu najua watayarishaji wetu watasema dawa ni kufupisha.

Uingereza walipita njia nyingine. Comic Relief, shirika la kuchangisha kwa vichekesho, ilianzishwa 1985 na mwandishi wa vichekesho Richard Curtis na mchekeshaji Lenny Henry, Ethiopia ikiwa katika njaa, na usiku wao wa kwanza wa pua nyekundu (Red Nose Day) kwenye BBC ulikuwa 1988. Siku hiyo walichangisha pauni milioni 15. Pale mchekeshaji ndiye mwenye nyumba. Kwetu mchekeshaji ni mgeni wa mdhamini, anakaribishwa baada ya chakula na kuombwa asiharibu kitambaa cha meza.

Na si kwamba Wakenya wanahitaji kubembelezwa ili watoe. Mwaka 2011, ukame ulipokuwa unaua Turkana, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500 na lengo likapitwa, watu wakituma hata shilingi kumi kwa simu. Wakati huo mimi sikuahidiwa usiku wa nyota. Tuliambiwa shida, tukaambiwa imefikia ngapi, basi. Mkitaka kuomba tu, ombeni, tutatoa na kulala mapema. Lakini mkiniambia ni burudani, nitakaa nikiisubiri, na nitawapa alama kama ninavyompa alama mtu yeyote aliyeniuzia kitu.

Alama zangu, basi. Malipo: nyota tano. Burudani: moja na nusu. Ile nusu ni ya watoto wa shule kutoka Kakamega waliocheza isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Waliingia wakitoa jasho la kweli, shangazi akaacha kuchambua dengu, na mimi nikasikia kifua kikigonga. Hakuna aliyekuwa ameweka maikrofoni karibu na ngoma, kwa hiyo runinga ilituletea zaidi filimbi na sauti ya mtangazaji akisema "wow". Kabla wimbo haujakolea wakaondolewa ili mgeni wa heshima apite.

Nyota ile moja ni ya mzee mmoja wa Kano. Usiku umeshaenda, walituunganisha na shule iliyogeuzwa kambi. Mzee amekaa juu ya godoro lililokunjwa, anazungumza Dholuo, tafsiri inapita chini. Alisimulia maji yalivyoingia gizani, jinsi alivyopandisha mbuzi mmoja mmoja juu ya meza, halafu meza juu ya kitanda, na jinsi fahali wake alivyokataa katakata kutoka zizini, akawa anamtazama tu kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji. Mzee mwenyewe alianza kucheka. Ukumbi wa Nairobi ukacheka, kwa mara ya kwanza usiku ule, kicheko cha tumboni. Sebuleni kwetu watoto wawili waliobaki macho walikuwa wamesogea hadi puani mwa runinga. Mzee akasema, "Basi nikamshika pembe..." na MC akaingia: "Asante sana mzee, Mungu akubariki, ngoja tumkaribishe mgeni wetu maalum." Kadibodi nyingine.

Shangazi alizima runinga mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya nyumbani kwangu.

Asubuhi niliwaandikia stesheni kwenye ukurasa wao wa Facebook nikiuliza mambo mawili: pesa zitafika Kano kwa njia gani, na yule fahali alipona? La kwanza wamenijibu kwa kunitumia taarifa ndefu yenye nembo za wadhamini. La pili bado nangoja, na shangazi ananiuliza kila akimaliza chai.