Wakala, dalali au benki: nani anayekuuzia bima?

Wanunuzi wengi wa bima hulinganisha ada na majina ya kampuni, lakini ni wachache wanaomchunguza muuzaji mwenyewe, ingawa ndiye anayechagua mkataba upi mteja aonyeshwe na upi asiusikie kabisa. Katika kuzipima huduma za wauzaji hawa nimetanguliza swali moja: huyu aliyekaa mbele yangu anamwakilisha nani?

Wakala wa kampuni moja hujibu swali hilo bila kificho, kwa kuwa jina la kampuni limeandikwa hata kwenye kadi yake. Bidhaa anazouza anazijua vizuri, na kwa bima rahisi, kama ile ya lazima ya gari inayofidia hasara za watu wengine tu, sioni haja ya kutafuta zaidi. Asichoweza kukwambia ni kwamba kampuni nyingine ina mkataba unaokufaa kuliko wake. Wakala wa kampuni kadhaa hupanua uchaguzi kidogo, lakini mtake azitaje, kwani huenda "kadhaa" ikawa mbili tu. Naye pia, kwa kawaida, hufanya kazi kwa niaba ya kampuni hizo, si kwa niaba yako.

Dalali wa bima ndiye anayepaswa kumwakilisha mteja. Akiwa hodari, huanza kwa kuchunguza mali na hatari zinazoikabili, kisha huomba bei kwa kampuni mbalimbali, na hasara ikitokea husimamia madai hadi fidia ilipwe. Kwa mwenye biashara, huduma hii ndiyo ninayoipa alama ya juu. Hata hivyo, mara nyingi dalali naye hulipwa kamisheni inayotoka kwenye ada ya mteja, na ndiyo maana kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinamtaka muuza bima amweleze mteja, kabla ya mkataba kufungwa, malipo yake ni ya aina gani. Pasipo na sharti kama hilo, uliza mwenyewe. Anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kulijibu. Jambo jingine ni risiti: katika nchi nyingi, ada aliyopokea wakala huhesabiwa kuwa imeifikia kampuni, lakini iliyo mikononi mwa dalali huenda isihesabiwe hivyo mpaka aiwasilishe. Dai risiti ya kampuni yenyewe.

Kamisheni hudhihirika zaidi katika bima ya maisha, ambako sehemu kubwa hulipwa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo muuzaji akikuhimiza uvunje mkataba wa zamani ili uanze mpya, mwombe aandike faida zake kwa hesabu, maana anayejitoa mapema hurudishiwa kidogo au hapati kitu, na muda wa kusubiri, yaani kipindi cha mwanzo ambacho baadhi ya madai hayalipwi, unaweza kuanza upya.

Benki huuza bima kwa wepesi wa kupendeza, pamoja na mkopo, na wepesi huo ndio unaonitia shaka. Bima ya mkopo hulipa deni lililobaki mkopaji anapofariki. Familia huondolewa deni, lakini haikabidhiwi fedha za kuishi. Ununuzi wa mtandaoni nao huweza kupunguza gharama, ila kazi ya ushauri inabaki kwako.

Kwa aina zote hizi, fomu ya maombi ndiyo sehemu inayoharakishwa kupita kiasi. Muuzaji huuliza juujuu kama una ugonjwa wowote, kisha kalamu yake inatia alama kwenye "hapana" mfululizo kabla hujamaliza kuwaza, nawe unaoneshwa tu mahali pa kutia saini. Saini ni yako, na shinikizo la damu lisilotajwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa madai miaka kadhaa baadaye, hata kama ulimtajia kwa mdomo. Isome fomu iliyojazwa, sahihisha kwa mkono wako, na ubaki na nakala kabla hajaondoka nayo.