Masomo ya sauti kuhusu akili ya binadamu na sokwe: nyota nne

Nilikuwa nayasikiliza nikiosha vyombo, lakini somo la tatu lilinifanya nifunge bomba. Linaeleza jaribio la mwaka 2005: sokwe na watoto walionyeshwa namna ya kufungua kisanduku kinachoonyesha kilichomo ndani, kwa hatua kadhaa, nyingine za bure kabisa. Sokwe waliziruka zile za bure, wakachukua zawadi yao. Watoto wakaiga zote! Nilicheka, kisha nikaelewa: sisi hujifunza kwa kumwamini mwenzetu hata kabla ya kujua sababu. Na kumtegemea mwenzetu huanza mapema: mwanangu mwenyewe, kabla hajasema neno, alikuwa akininyooshea ndege kwa kidole ili nami niwaone.

Ukubwa wa ubongo, takriban mara tatu ya ule wa sokwe, umepitiwa juujuu. Na ule muziki wa katikati, jamani, unakera. Nyota moja nimeikata hapo.