Kifaa gani cha kuchezea video kinafaa sinema ya nyumbani: cha kwanza hadi cha mwisho

Anayeingia dukani Moi Avenue au Digo Road jijini Mombasa kutafuta kifaa cha kuunganisha na runinga yake huonyeshwa kwanza katoni iliyoandikwa 4K kwa herufi kubwa, ilhali maandishi hayo hayaelezi ni picha gani itakayofika kwenye kioo. Runinga ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya zile za 1080p, lakini fremu kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazopita kila sekunde, nazo zina uzito uleule: filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24, matangazo ya runinga nchini Kenya hufuata mfumo wa 50, na video nyingi za mtandaoni huwa 30 au 60. Kifaa kinachozilazimisha zote zitoke kwa 60 huifanya picha igugumie kila kamera inapozunguka polepole, hata kama kila fremu ni safi. Nimevipanga vifaa hivi kwa kuangalia kama vinaitoa picha jinsi ilivyotengenezwa.

Nafasi ya kwanza naipa Apple TV 4K. Bei yake ni kubwa, lakini ukiwasha mpangilio wa kulinganisha fremu, kifaa hubadilika chenyewe kufuata filamu unayoitazama. Fire TV Stick 4K inafuata, kwani ina mpangilio kama huo kwa bei nafuu zaidi, ingawa si programu zote zinazoutii. Mwenye bajeti ya kawaida ningemshauri achukue hiki. Programu zilizomo ndani ya runinga yenyewe ni za tatu: hazihitaji kebo, ila runinga ikizeeka huacha kupata masasisho. King'amuzi kinafaa kwa mpira wa moja kwa moja, mradi kimewekwa 50Hz, yaani mara 50 kwa sekunde, sawa na matangazo yenyewe.

Visanduku vya Android visivyo na idhini naviweka mwisho kabisa, na sivipendekezi kwa bei yoyote ile. Vingi havina kibali cha ulinzi wa video kinachotakiwa na Netflix, hivyo picha huishia 480p hata kama runinga ni ya 4K na intaneti ina kasi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue YouTube, acheze video ya 4K yenye fremu 60, kisha awashe takwimu za video (Stats for nerds). Ukisoma 3840x2160@60, kifaa kinaipokea picha kamili. Halafu bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya runinga: runinga ikionyesha 1080p, basi picha imepunguzwa njiani, na muuzaji anapaswa kukueleza ni wapi.

Mara nyingi lawama huwa ya risiva ya sauti, ile inayoendesha spika na kupitisha picha kutoka kwenye kifaa hadi kwenye runinga. Risiva ya zamani yenye HDMI 1.4 haipitishi 4K zaidi ya fremu 30, kwa hiyo hata kifaa bora kabisa kitashuka. Runinga nyingi pia huja zikiwa zimezima kasi kamili ya matundu yake ya HDMI, na lazima uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Kebo yenye lebo ya Premium High Speed, inayohimili gigabiti 18 kwa sekunde, inatosha kwa 4K ya fremu 60. Wakazi wa Nyali na Likoni walio karibu na bahari wazikague ncha zake mara kwa mara, maana hewa ya chumvi hula chuma, na ncha iliyoanza kuingia kutu huleta picha inayokatikakatika.